Kiangazi cha kwanza bwawani: mwongozo kwa familia mpya kwenye timu ya kuogelea ya watoto

Mashindano yetu ya kwanza yalikuwa Jumatano jioni. Tulifika saa kumi na moja, mwanangu wa miaka minane akiwa na taulo moja begani na chupa ya maji mkononi. Tukakuta viti vya kukunja vimeshajaa kwenye majani, watoto wameandikwa mikononi kwa kalamu nyeusi, marefa wamevaa fulana nyeupe. Mimi nilijua nimekuja kutazama. Haikupita dakika kumi, mama mmoja akaja na saa ya kupimia sekunde akanivisha shingoni: leni ya nne, yaani njia ya nne ya kuogelea, imepungukiwa mtu wa kupima muda, nikasaidie. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo fomu ya usajili haikuniambia. Timu hizi za kiangazi hazisajili mtoto, zinasajili nyumba nzima.

Kwetu hilo si geni. Shughuli ni watu, na kwenye arusi ya mtaani hakuna anayekuja na kinywa kitupu akaondoka na kinywa kilichojaa. Kila mtu ana sufuria yake ya kuinjika. Lakini hapa Marekani familia nyingi za Waswahili nawaona wanamshusha mtoto getini, wanakaa garini na simu, kisha wanashangaa mbona mwaka wa pili mtoto hataki kurudi. Naandika haya kwa ajili yao. Mifano mingi ni ya Maryland na Virginia tunakoishi, ila timu za aina hii ziko majimbo mengi na taratibu zake hazipishani sana.

Fahamu kwanza unajiunga na nini

Timu ya kiangazi ni ya bwawa la mtaa. Msimu ni mfupi: unaanza mwishoni mwa Mei mabwawa ya nje yanapofunguliwa, unaisha mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Timu jirani hushindana ndani ya ligi. Huku kwetu zipo mbili kubwa, ya Kaunti ya Montgomery, Maryland, inayojulikana kama MCSL, na ya kaskazini mwa Virginia, NVSL, iliyoanzishwa mwaka 1956. Watoto wanagawanywa kwa umri: miaka 8 kushuka chini, 9 na 10, 11 na 12, 13 na 14, kisha 15 hadi 18. Umri unaohesabiwa ni ule mtoto aliokuwa nao tarehe 1 Juni, kwa hiyo anayefikisha 9 mwezi wa Julai bado ataogelea na wa minane msimu mzima.

Hii ni tofauti na klabu za mwaka mzima, ambazo ada yake ni kubwa na mazoezi ni mengi. Ila usiidharau. Katie Ledecky, mwogeleaji bingwa wa Marekani, alianza akiwa na miaka sita kwenye timu ya mtaa ya Palisades, ndani ya hiyo hiyo ligi ya Montgomery, na mwaka 2012 kule London, akiwa na miaka 15, akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 800. Wako si lazima afike huko. Akitoka na marafiki kumi na uwezo wa kujiokoa majini, umepata zaidi ya ulicholipia.

Ajue kuogelea kabla ya Mei

Hapa wengi wanakosea. Timu si darasa la kuanzia sifuri. Nyingi zitamtaka mtoto avuke upana au urefu wa bwawa, mara nyingi mita 25, bila kushikwa, kwa mtindo huru na kwa mgongo. Hata kama ni taratibu na anahema, kocha atamchukua. Asiyeweza kabisa atarudishwa, au atawekwa kwenye kikundi cha wadogo wanaojiandaa kama timu inacho. Uliza.

Kwa hiyo safari inaanza msimu wa baridi, mabwawa ya ndani. YMCA wanafundisha, na kaunti pia zinafundisha. Silver Spring, Maryland, lipo bwawa la ndani la Martin Luther King Jr., na idara ya burudani ya Kaunti ya Montgomery ina mpango wa RecAssist wa kupunguzia ada familia zenye kipato kidogo. Hakuna aibu kuujaza. Nafasi za masomo hujaa haraka, basi weka tarehe ya kufunguliwa usajili kwenye simu yako na ukae tayari asubuhi hiyo.

Kama umekulia Unguja, Mombasa au Kigoma, usiseme mtoto utamfundisha mwenyewe ukamaliza. Kuogelea baharini tulikofunzwa sisi, kichwa juu, macho yanatafuta ngalawa, ni kuzuri na kunaokoa maisha. Kwenye leni mtoto anatakiwa uso uwe ndani ya maji, pumzi aitoe kwa pua akiwa chini, kisha ageuze shavu pembeni kuvuta nyingine. Mume wangu ni mtoto wa Forodhani na kuchupa kwake ukutani hakuna wa kumshinda. Ilibidi naye anyamaze amwachie mwalimu.

Na kama wewe mwenyewe hujui kuogelea, jua hauko peke yako. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 na wakfu wa USA Swimming, shirikisho la kuogelea la Marekani, ulionyesha kwamba asilimia 64 ya watoto weusi wa Marekani hawajui kuogelea au wanajua kidogo tu. Hilo lina sababu zake. Watu weusi walifungiwa mabwawa kwa miongo mingi, na si mbali na hapa. Karibu na Silver Spring kulikuwa na bwawa la mtaa la Wheaton-Haven lililoikatalia uanachama familia nyeusi iliyokuwa imenunua nyumba eneo hilo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1973 mahakama ikaamua kwamba bwawa halina haki ya kufanya hivyo. Ni miaka ya juzi tu. Kila nikimwona binti yangu anasimama kwenye kizimba cha kurukia pale pale Montgomery, naikumbuka ile familia.

Tafuta timu Februari, usingoje joto

Usajili wa timu nyingi unafunguliwa kati ya Februari na Aprili. Swali la kwanza la kuuliza ni kama lazima muwe wanachama wa bwawa. Mengi yanataka hivyo, na uanachama wa familia ni mamia ya dola kwa kiangazi. Ada ya timu yenyewe mara nyingi ni kati ya dola 100 na 250 kwa mtoto, na wa pili hupunguziwa. Swali la pili: mna nafuu kwa familia zenye uhitaji? Mabwawa mengi yanayo lakini hayaitangazi. Bwawa la kwanza tulilopigia lilituambia orodha ya kungoja ni ya miaka kadhaa. La pili, dakika kumi na tano kwa gari, lilitupokea wiki ile ile. Msikate tamaa kwa simu moja.

Swali la tatu, ambalo ndilo la maana zaidi: familia inatakiwa kujitolea zamu ngapi? Timu nyingine zinachukua amana, wanairudisha ukimaliza zamu zako. Jaza zamu mapema, maana nyepesi huisha siku ya kwanza.

Vifaa, na nywele

Usinunue duka zima. Vazi la timu, miwani jozi mbili, kofia, taulo tatu. Miwani ijaribuni dukani: mwekee mtoto machoni bila kuvuta mpira, bonyeza kidogo, achia. Ikinata sekunde moja au mbili inamfaa. Ikidondoka hapo hapo, itaingiza maji. Kisha aivae kwenye beseni nyumbani kabla ya bwawani.

Nywele zetu zinataka maandalizi, na nasema kwa kirefu kwa sababu nimeona mabinti wakiacha timu kwa ajili ya nywele tu. Klorini inakausha. Dawa yake ni kuziwahi: kabla ya kuingia bwawani zilowanishe kwa maji safi mpaka zishibe, kisha paka kilainishi au mafuta ya nazi, ndipo uvae kofia. Nywele zilizoshiba maji safi hazinywi sana ya bwawa. Akitoka, suuza papo hapo kwenye bomba la pale pale, usingoje nyumbani. Kwa msimu, msuke mistari midogo iliyolala, isiyo na rasta nzito, kwa sababu rasta zinabeba maji na kumvuta shingo nyuma. Kofia ya kawaida isipomtosha zipo kubwa za nywele nene. Ile ya kampuni ya Soul Cap ilikataliwa na shirikisho la kuogelea la dunia mwaka 2021, watu wakapiga kelele, na Septemba 2022 ikaruhusiwa. Ngozi nayo: mafuta mazito baada ya kuoga, na krimu ya jua hata kwa sisi weusi, kwani kukaa muda wa saa nne kwenye jua la Julai si mchezo.

Binti anayejisitiri anaweza kuogelea na vazi la mikono mirefu na suruali. Mweleze kocha mwezi wa Mei, naye awasiliane na marefa na ligi mapema, ili siku ya mashindano asisimamishwe na swali mbele za watu.

Wiki za mwanzo za mazoezi

Shule zikiwa hazijafungwa, mazoezi ni jioni. Zikifungwa katikati ya Juni yanahamia asubuhi. Maji ya mwisho wa Mei ni baridi kweli kweli, na mtoto atalia. Mvumilie wiki mbili. Wetu wa kiume siku ya tatu alijificha chooni. Aliyemtoa si mimi wala kocha, ni kijana wa miaka kumi na sita aliyepangwa naye kama kaka yake wa timu; timu nyingi zina desturi hiyo ya kumpa kila mdogo mkubwa wake. Alimwahidi kuingia majini pamoja naye, wakaingia.

Mzazi akae mbali na ukingo. Kocha ni mmoja. Ukianza kupaza sauti kwa Kiswahili huku kocha anasema kwa Kiingereza, mtoto anabaki katikati ya leni hajui amsikilize nani.

Karibu katikati ya Juni kuna siku ya kupimwa muda. Muda wa siku hiyo ndio kocha anaotumia kupanga watoto. Jumamosi asubuhi kila timu hupeleka wenye kasi zaidi, kwenye ligi zetu watatu kwa kila mbio. Wengine wote wanaogelea katikati ya wiki, Jumatano jioni Montgomery, Jumatatu Virginia. Mgeni kwa kawaida anaanzia huko, na ndiko kuzuri: hakuna pointi za kuumiza kichwa, mtoto anashindana na muda wake wa wiki iliyopita.

Kama hamji, semeni

Hili nalipa aya yake. Timu huweka siku ya mwisho ya kutoa taarifa kama mtoto hatakuwepo. Mwaka wetu wa kwanza tulikwenda arusini Baltimore bila kusema chochote. Mwanangu alikuwa amepangwa kwenye mbio za kupokezana za watoto wanne. Watatu waliobaki walikaa kwenye benchi na kofia zao kichwani, hawakuogelea. Niliomba radhi kwa kila mzazi, mmoja mmoja. Soma barua pepe za timu, zote, hata zikiwa ndefu.

Siku ya mashindano

Usiku wake mtoto alale mapema. Asubuhi ale kitu chepesi, ndizi na uji, mandazi mawili. Pilau iliyobaki ingoje mchana. Fikeni saa waliyotaja, kwani wageni na wenyeji wana zamu tofauti za kupasha mwili majini na anayechelewa anaikosa. Pigeni hema au kaeni na timu, msijitenge chini ya mti wa pembeni. Kwenye begi weka maji mengi, machungwa yaliyomenywa, karata, sweta la jioni, kalamu nyeusi isiyofutika.

Ile kalamu ni ya mkononi. Utaona watoto wamechorewa jedwali kwenye mkono: E ni namba ya mbio, H ni kundi ndani ya mbio hiyo, L ni leni. Mwanao akiwa na 12, 3, 4, maana yake mbio ya kumi na mbili, kundi la tatu, leni ya nne. Mwandikie kabla ya krimu ya jua, siyo baada, wino haushiki. Mfundishe kusoma mkono wake mwenyewe. Wadogo hukusanywa na karani wa mbio, akawakalisha kwenye mabenchi kwa mpangilio, na ukishamkabidhi hapo kazi yako imeisha, usimfuate.

Refa atapiga filimbi fupi fupi, kisha ndefu moja: wanapanda. Hapo bwawa zima linanyamaza, na wewe nyamaza, hata kama ni mwanao. Anaambiwa ajiweke tayari, king'ora kinalia, ndipo pigeni vigelegele mpaka sauti zikauke. Wetu wanavipenda. Familia za timu yetu sasa wanapiga nasi.

Radi ikisikika, wote nje ya maji, na kwa kawaida mnangoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Vyumba vya kubadilishia nguo simu haitolewi mfukoni.

Kazi ya saa

Chagua kupima muda. Hakuna kazi bora kwa mgeni: huhitaji kujua sheria, hauko juani peke yako, na unasimama mahali pa kuona vizuri kuliko kiti chochote. Leni moja huwa na wapimaji hata watatu. Unabonyeza ukiona mwanga wa king'ora, siyo ukisikia mlio, kwa sababu mwanga unakufikia kwanza. Mtoto akibakiza mita tano unasogea mpaka ukingoni kabisa, utalowa miguu, unainama kutazama ukuta, na unabonyeza pale sehemu yoyote ya mwili wake inapougusa. Saa tatu zikitofautiana, unaandikwa muda wa katikati.

Jumatano ile ya kwanza, kidole gumba kiko juu ya kitufe, nikageuka nikaona anayepanda kizimba cha leni ya nne ni mwanangu. Aliruka kwa tumbo. Katikati ya bwawa miwani ikajaa maji, akasimama. Kina kilimfika kifuani. Alivua miwani, akatazama huku na huku, akanipata kwa macho. Sikuruhusiwa kusema kitu na sikusema. Akaivaa tena, akalala juu ya maji, akaja. Sekunde 58.31. Baba wa Kikorea aliyekuwa akipima kando yangu alinionyesha saa yake, 58.36, kisha akanishika bega.

Nilidhani ataondolewa kwa kusimama. Hapana. Katika mtindo huru kusimama si kosa, kosa ni kutembea au kujisukuma kwa miguu kutoka sakafuni, au kuvuta kamba ya maboya. Makosa yanayowaondoa watoto ni mengine, na jiandae, wa kwako ataondolewa siku moja: kwenye mtindo wa kifua na wa kipepeo, kugusa ukuta kwa mkono mmoja badala ya miwili kwa pamoja, kwenye mgongo, kugeuka kifudifudi kabla ya kugusa. Hakimu huinua mkono, kisha karatasi inaandikwa. Usiende kugombana naye, ni mzazi mwenzio aliyesomea kazi hiyo. Mpeleke mtoto kwa kocha, kocha amwonyeshe kosa, wiki ijayo anarekebisha.

Chakula cha Ijumaa na mengineyo

Mkesha wa mashindano timu nyingi hula pamoja, tambi zaidi. Peleka cha kwenu. Sahani yangu ya sambusa hairudi na kitu. Bandika karatasi ya vilivyomo, hasa karanga na nyama gani, kwani wako watoto wenye mzio. Na nanyi mkiwa hamli nguruwe semeni kwa anayepanga chakula, hawatajua bila kuambiwa.

Mwishoni mwa Julai kuna fainali za daraja, yaani kundi la timu mlilopangwa nalo kwenye ligi, kisha mashindano ya nyota wa ligi nzima kwa wachache waliofuzu, na karamu ya kugawa vikombe na riboni. Nendeni karamuni hata kama mtoto hakupata kitu. Makocha husema neno juu ya kila mmoja. Siku hiyo hiyo muulize msimamizi lini usajili wa mwakani unafunguliwa, uandike. Msajili mtoto darasa la bwawa la ndani kuanzia Septemba, hata mara moja kwa wiki, asije kuanza upya Mei. Vazi la timu lifue kwa mkono na maji baridi, lianike kivulini, ulikunje uweke. La mwanangu sasa linamtosha mdogo wake.